Kishubaka cha Wageni

Huku kwa wakwe zangu wanasema nilibomoa bafu la marehemu baba mkwe kwa hasira. Hasira nilikuwa nazo na bado ninazo. Lakini bafu sikulibomoa kwa hasira. Nililibomoa kwa tindo na nyundo ya baba yangu mzazi, taratibu, kwa siku nne, huku binti yangu akikohoa chumba cha pili.

Nyumba iko Uru, juu ya Moshi mjini, kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo wa mume wangu. Mume wangu ni mtoto wa mwisho wa kiume, na kwao mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Watu wa nje wanaona ni bahati. Hawajui kwamba ukibaki na nyumba unabaki na mama mwenye nyumba. Na ukibaki na mama mwenye nyumba, unabaki pia na kaka mkubwa aliyeko Dar, ambaye anapanda huku mara moja tu kwa mwaka, Desemba, na mke na watoto na masanduku. Nyumba nzima inaishi kwa ajili ya hizo siku kumi. Vitanda vizuri ni vya Desemba. Mapazia ni ya Desemba. Sisi wengine ni walinzi wenye watoto.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa tambarare, kwenye kambi ya wafanyakazi wa miwa, na baba yangu alikuwa mwashi wa nyumba za kambi. Wakwe zangu wananiita chasaka, yaani mtu wa porini. Wanalisema wakicheka, na ukinuna wanakwambia, "Ah, utani tu huo, mama."

Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Alianza kukohoa Januari, wageni walipoondoka, na hakuacha. Zahanati nilikwenda mpaka nesi akawa ananiuliza habari za ng'ombe. Dawa zinamtuliza wiki mbili, kisha kinaanza tena, kile kifua kinacholia kama mtu anasuka ukili. Nesi mmoja akaniuliza chumba anacholala kikoje. Nikamwambia ukutani, juu ya kichwa cha kitanda, rangi imevimba na kuna ukungu mweusi ambao nikiufuta leo kesho kutwa umerudi. Akasema, "Mtoe kwenye unyevu." Nimtoe nimpeleke wapi? Chumba cha tatu ni cha wageni.

Mama mkwe alikuwa na maelezo yake.

"Wewe unamwogesha saa ngapi huyu mtoto?"

"Saa tisa, mama."

"Saa tisa! Upepo wa mlima umeshashuka. Watoto wa kwetu hawakohoi hivi."

Nikaanza kumwogesha saa saba mchana, madirisha yamefungwa, haraka haraka kama mtu anayeiba. Akakohoa. Nikaacha kumwogesha kila siku. Akakohoa. Ukiambiwa kila siku kwamba kosa ni lako, unafika mahali unalitafuta mwenyewe. Nilikaa karibu mwaka mzima nikijichunguza mikono, blanketi, maziwa, hata dua zangu. Ukuta sikuuchunguza, na mimi ni mtoto wa mwashi. Hilo sijajisamehe.

Mwezi wa kumi na moja shemeji, yule wa Dar, akatuma maboksi ya marumaru kwa basi. Meupe, yenye mshipa wa kijivu. Akapiga simu akamwambia mama yake kwamba fundi atakuja tarehe ishirini Desemba, abandike, ili wao wakipanda wakute bafu la kueleweka. Fundi ni yuleyule aliyekuja Desemba iliyotangulia kufunga bomba la maji ya moto na kuchimba kishubaka ukutani, kile kitundu cha kuwekea sabuni, kwa sababu mke wa shemeji alilalamika kwamba chupa zake za nywele hazina pa kukaa. Alikichimba asubuhi, jioni wakaogea hapohapo.

Nikamwambia mume wangu, "Ule ukuta haushiki marumaru. Chini umepigwa saruji ya niru inang'aa kama sahani, juu rangi ya mafuta. Na kuna maji humo ndani."

Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Alikuwa anafunga begi. "Mwachie fundi."

"Fundi gani? Wa kishubaka?"

"Mama asije akaumia roho. Ile niru aliipiga mzee kwa mkono wake."

Akaenda kuwapeleka Wazungu kileleni. Mtu anaweza kumshika mkono mgeni asiyemjua, ampandishe gizani kwenye barafu, lakini kumwambia mama yake neno moja hawezi. Alikuwa ameunganisha safari mbili, hangerudi nyumbani mpaka ishirini na tatu.

Nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu alale kwenye chumba kikavu. Marumaru yakishabandikwa nani atanikubalia nifungue ule ukuta nitafute maji yanakopita? Kwa hiyo ilibidi niufungue kabla. Nilishuka kambini kwa baba nikachukua tindo, nyundo, mwiko na pima maji. Baba ameshastaafu, mgongo haumruhusu, lakini mdomo unamruhusu.

"Usianze kupiga," akasema. "Anza kugonga. Gonga kila mahali kwa mpini, sikiliza. Panapolia kama debe, weka alama ya chaki."

Nikarudi, nikamkalisha mtoto sebuleni juu ya boksi la marumaru na kopo la vifuniko vya soda, nikaanza kugonga. Ukuta wa dirishani ulilia kavu, mzito. Ukuta wa mlangoni hivyohivyo. Ukuta unaopakana na chumba cha mtoto ulilia debe kuanzia kiunoni kwangu mpaka chini. Nikauchora chaki wote, ukawa kama ramani.

Kuandaa ukuta wa marumaru ni kazi ya kuharibu kwanza. Rangi ya mafuta unaikwangua yote, maana gundi ikishika rangi, siku rangi inaachia marumaru yanakuja nayo. Niru unaichokoa kwa tindo, vidonda vidogo vidogo, karibu karibu, mpaka ukuta ukwaruze kiganja. Plasta iliyolia debe huibembelezi, unaidondosha. Halafu brashi ya waya, halafu maji, halafu tena brashi, kwa sababu vumbi nalo ni adui. Mkono wangu wa kushoto nilijipiga mara tatu. Kucha moja ilitoka.

Mama mkwe alikuja kusimama mlangoni siku ya kwanza, amefunga mikono.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo mama. Naandaa ukuta."

Hakuitikia. Aliangalia chini, vipande vya niru vimelala kwenye karai. "Baba yao alikaa siku mbili kwa magoti kuing'arisha hii. Watu walikuwa wanatoka huko chini kuja kuitazama."

"Najua, mama. Alipiga vizuri. Ndiyo maana marumaru hayatashika."

"Kwa hiyo mzee alikosea kupiga vizuri."

Niliendelea kugonga. Nilimwonea huruma kidogo, nakiri, ile niru ilikuwa nzuri kweli, unajiona uso. Lakini huruma yangu ilikuwa na mipaka, na mpaka ulikuwa unakohoa sebuleni.

Siku ya tatu nikafika kwenye kishubaka. Niliweka pima maji kwenye sakafu yake ndogo. Povu likakimbilia mbele, kwangu, maana povu hufuata upande ulioinuka. Sakafu imelala nyuma. Yaani kila tone lililoingia humo halikutoka, lilirudi ukutani. Mwaka mzima tumeoga na maji yote ya kishubaka yamenywewa na ukuta. Nikagonga sakafu ile kwa ncha ya tindo, ikabomoka kama andazi bovu. Ndani kulikuwa na tope jeusi linalonuka sabuni iliyooza, na kwenye tope nikatoa kifuniko cha zambarau cha chupa ya mafuta ya nywele. Sisi hatutumii mafuta hayo. Ni ya wageni.

Nikachukua spoku ya baiskeli nikaisukuma ndani ya tope nijue kina. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Bila nguvu yoyote, kama unachoma uji. Nikaiacha ilivyo, nikatembea mpaka chumba cha mtoto.

Ncha ya spoku ilikuwa imetokeza juu ya mto wake. Kiganja kimoja kutoka mahali anapoweka pua.

Nilikaa kwenye kile kitanda. Sikulia, maana nilikuwa na hasira kubwa mno hata machozi hayakupata nafasi. Fundi alikuwa amekula bloku karibu yote kutafuta kina cha chupa, akabakiza ngozi ya plasta, akaondoka na soda yake. Na mimi nikawa naulizwa namwogesha mtoto saa ngapi.

Nikamwita mama mkwe. Alikuja, akatazama ile ncha, akatazama rangi iliyovimba, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo umetoboa ukuta," akasema.

Neno lake ni hilo. Akarudi kumenya ndizi.

Nikapiga picha zote, spoku, tope, kifuniko, nikamtumia shemeji Dar. Akanirudishia kidole gumba. Nikamtumia nyingine na maneno: maji yanaingia chumba cha mtoto, nahitaji muda ukuta ukauke. Kidole gumba. Ya tatu: usimtume fundi. Kidole gumba. Nilidhani tumeelewana.

Kile kishubaka nilikiziba. Nilisafisha mpaka kwenye bloku nzima, nikalowesha, nikajaza vipande vya bloku na udongo wa saruji, nikapiga plasta kwa tabaka mbili, ya kwanza nikaikwaruza kwa uma wa jikoni ili ya pili ipate meno. Nikachimba kingine kwenye ukuta wa nje, mbali na chumba chochote, na sikukichimba kwa kukisia. Nilipanga marumaru yenyewe chini sakafuni, nikapima kishubaka kiingie marumaru nzima upana na nzima urefu, pasiwepo vipande vya kukatakata. Nikaacha na unene wa gundi. Sakafu yake nikailaza mbele, kiasi cha punje ya mchele. Baba aliniambia kwenye simu, "Mwaga kikombe cha maji humo. Yakirudi kwako, umejenga. Yakikaa, rudia." Nilirudia mara moja. Mara ya pili yakanirudia miguuni, na binti yangu akapiga makofi akadhani ni mchezo.

Baada ya hapo ni kusubiri tu. Ukuta uliokunywa mwaka mzima haukauki kwa sababu watu wa Dar wamepanga safari. Ukuta wa bomba, ule wa upande wa mtoto, ulikuwa umekauka juu, ukitazama kwa macho ungesema tayari. Nikakata kipande cha nailoni nikakibandika pande zote kwa gundi ya karatasi. Asubuhi kina jasho kwa ndani, matone kama ya mfuniko wa sufuria. Keshoye jasho. Tarehe ishirini, jasho.

Tarehe ishirini fundi akaja. Shemeji alikuwa amempigia pamoja na vidole gumba vyake vyote. Mama mkwe alimleta mwenyewe mpaka mlangoni.

"Eeh, mama," fundi akasema akiangalia ukuta. "Nani amechokoa hapa? Kazi safi. Mzee wako amerudi kutoka mlimani?"

"Mimi."

Akacheka. "Wewe? Ulifundishwa wapi, kwenye kubandika chapati?"

"Nilifundishwa na mtu anayejua kwamba sakafu ya kishubaka hailali nyuma."

Kicheko kikapungua. Nikamwonyesha nailoni. Akaigusa kwa kidole, akaona matone. Anajua, yule mtu anajua kabisa, niliona kwenye uso. Akasema, "Mama, marumaru yanafunika yote hayo. Mimi nina nyumba tatu kabla ya sikukuu."

"Yakifunika maji yataenda wapi?"

"Yatajijua."

Yatajijua. Upande wa pili wa ukuta tukasikia mtoto anakohoa. Mama mkwe naye alisikia. Akasema, "Mbandikie, fundi. Wageni wanafika baada ya siku tatu, wataoga kwenye pango?"

Nikatoka bafuni, nikawapisha watoke, nikafunga mlango kwa kufuli la banda la ng'ombe. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

"Chasaka," mama mkwe akasema, na safari hii hakucheka.

"Ndiyo mama."

Walifika ishirini na tatu mchana. Mume wangu alikuwa ameshuka mlimani asubuhi, midomo imepasuka kwa baridi, na alipoelezwa alikwenda kuangalia ng'ombe. Shemeji alishuka kwenye gari, akanyoosha mgongo, akasalimu watu, kisha akatoka chumbani na taulo begani.

"Shem, bafu limefungwa?"

"Ukuta unakauka. Maji nimekuchotea." Nikampa ndoo na kata, nikamwonyesha njia ya lile bafu la zamani nyuma ya banda la ng'ombe, lililozungushiwa mabati upande mmoja na ua wa masale upande mwingine.

"Unanitania."

"Maji ni ya moto, shemeji. Yanapoa."

"Shem, hii ni dharau. Nimetuma marumaru kwa hela yangu."

Sikutaka kujibizana mbele ya watoto wake. Nilimpeleka chumba cha mtoto. Tundu la spoku nilikuwa sijaliziba upande ule, makusudi. Nikamwekea mkono wake ukutani. Nikamtolea kifuniko cha zambarau kutoka kwenye droo nikamwekea kwenye kiganja. Alikitambua. Akasema, "Ungeniambia."

Nilifungua simu nikampa avione vidole gumba vyake vitatu. Alienda kuoga nyuma ya banda. Mkewe naye alioga nyuma ya banda. Siku hiyo mama mkwe alikula chumbani kwake.

Sasa, huku, kabla ya kuchinja mbuzi wa sikukuu, watu wenye neno mioyoni hulitoa. Aliyekosa hupeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na ukiletewa isale hukatai. Hata kama mtu amekuulia ng'ombe. Ni mmea uleule wa masale unaopandwa mipakani. Mimi nimeolewa tu huku, lakini hilo nalijua na nililiheshimu.

Asubuhi ya Krismasi, watu wametoka kanisani, mbuzi amefungwa kwenye mgomba, mume wangu akaja jikoni na jani la isale mkononi. Limekunjwa vizuri, limefungwa fundo. Nakwambia ukweli, moyo wangu ulilainika. Nilifuta mikono. Nilijiandaa hata maneno ya kusema, kwamba yameisha, mama ni mama.

Akasema, "Mpelekee mama. Umeaibisha nyumba. Wote wamekubaliana."

Nilimtazama mpaka akaangalia miguu yake.

"Hata wewe umekubali?"

"Ni sikukuu, mama. Tuchinje kwa amani."

Nikalichukua jani. Nikatoka nalo uani, wote wamekaa pale, mama mkwe kwenye kiti chake, shemeji, mkewe, watoto. Niliona mama mkwe anajinyoosha kitenge kulipokea. Nikampita. Nilikwenda kwenye mkeka aliokaa binti yangu, nikapiga magoti, nikampa yeye.

"Nisamehe, mama yangu," nikamwambia. "Mwaka mzima nilikuwa nakuficha na upepo, na ubaya ulikuwa ukutani. Nilikuwa na masikio ya kugonga ukuta, sikugonga."

Alilipokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha kupokea vitu. Akalipigia nzi. Akakohoa.

"Isale haipewi mtoto," mama mkwe akasema.

"Basi nipewe mimi, mama."

Aliyejibu ni ng'ombe. Baadaye shemeji akainuka akasema mbuzi asikae juani, wakachinja, tukala, nyama ilikuwa ngumu.

Wageni waliondoka tarehe mbili. Mwanangu tulimhamishia chumba cha wageni siku hiyohiyo. Sikumwomba mtu ruhusa, nilibeba kitanda upande mmoja, mume wangu akabeba upande wa pili. Nailoni niliibandika upya kila siku tatu. Katikati ya Januari nikaibandua na ilikuwa kavu, nikaisugua kwenye shavu kuhakikisha. Nikapaka dawa ya kuzuia maji mara mbili, kona zote, ndani ya kishubaka kipya mara tatu, na marumaru nikayabandika mwenyewe mstari kwa mstari. Kwenye kishubaka yaliingia mazima. Mume wangu alimtumia kaka yake picha. Jibu likarudi: "Tumependeza sana." Tume.

Binti yangu amerudi kwenye chumba chake. Anakohoa bado asubuhi za ukungu, si kama zamani, na nesi ameacha kuniuliza habari za ng'ombe. Kila siku nikitandika kitanda chake naweka kiganja ukutani, juu ya mto. Juzi nilirudi kukata majani mapema, nikapita dirishani, nikamwona mama mkwe amesimama mle ndani peke yake, kiganja chake ukutani, palepale. Alikaa hivyo muda. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakohoa, nikaingia na kishindo. Nilipofika jikoni alikuwa anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa kumwogesha mtoto."

Isale yangu bado naisubiri.